Nyeusi kwa nyeusi: historia ya kompyuta ya kujiundia nyumbani

Nimekaa kimya kwa sababu ya kazi za watu, lakini sasa nimepata jambo la kuwaandikia. Mpwa wangu, aliyemaliza kidato cha nne Novemba 2025, alinijia juzi na karatasi aliyoichana kwenye daftari. "Mjomba, nataka kujiundia kompyuta," akasema. "Si laptopu. Ile ya mezani, ninunue kila kipande mwenyewe." Kwenye karatasi alikuwa ameandika vipande saba: prosesa, bodi mama, RAM, kadi ya picha, diski, pawasaplai na kasha. Kila kimoja cha kampuni yake, na vyote kutoka maduka manne. Chini kabisa alikuwa ameandika swali na kulipigia mstari: nitajuaje kama vitakubaliana?

Nikamwambia vitakubaliana tu, asiwe na wasiwasi, nikaendelea na chai yangu. Usiku nikakosa usingizi. Swali lile si la mtoto hata kidogo. Hebu chukua injini ya Peugeot, uende nayo Kirinyaga Road, umwambie fundi aifunge kwenye Toyota. Atakucheka mpaka akae chini. Magari yana zaidi ya miaka mia moja na bado vipande vyake havisikilizani. Iweje basi vipande vya kompyuta, vilivyotengenezwa na kampuni zinazopigana kila siku sokoni, vikutane mara ya kwanza juu ya meza ya mtu Umoja au Kisauni na kuanza kufanya kazi?

(Kabla sijaenda mbali: najua kuna walimu wa Kiswahili wanaosoma hapa ambao watanidai neno tarakilishi, au ngamizi. Shuleni ndivyo nilivyofundishwa. Lakini miaka yote niliyozurura Luthuli Avenue sijamsikia mtu hata mmoja akiulizia bei ya ngamizi, kwa hiyo nitaendelea na kompyuta, mnisamehe.)

Jibu nilianza kulijua mwaka 2000, kwa njia mbaya. Wakati huo nilikuwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, tunakaa Umoja, na mama alikuwa kwenye chama cha akina mama kumi na wawili. Zamu yake ilipofika alipewa shilingi elfu kumi na mbili. Pesa zile zilikuwa na kazi yake: paa la jikoni lilikuwa linavuja. Mimi nikamshawishi. Nikamwambia kwamba nikiwa na kompyuta nyumbani nitaacha kulipia saa kwenye saiba, na nitachapisha barua za watu mtaani, nitamrudishia zote kabla ya mvua za vuli. Mama hakusema mengi. Alinihesabia noti mezani, akabakisha mia tano.

Kompyuta mpya nisingeiweza hata kwa chama kizima. Nikanunua mtumba, kipande kwa kipande. Kasha na pawasaplai mahali pamoja, diski ya GB 1.2 pengine, na kwa fundi mmoja wa ghorofani karibu na Luthuli Avenue nikapata bodi mama yenye Pentium ya megahezi 133 na RAM ya MB 16. Huo ulikuwa mwaka wa mgao wa stima, ukame ukiwa umekausha mabwawa ya Mto Tana, kwa hiyo nilikuwa na saa chache tu za kufanya kazi kabla ya giza. Nikafunga kila kitu haraka haraka. Pawasaplai ilikuwa na plagi mbili za kuingia kwenye bodi, zimeandikwa P8 na P9, zinafanana kama pacha. Nikazipachika. Nikawasha.

Sitasahau harufu ile. Ulitoka moshi mwembamba, sauti kama ya mahindi yakipasuka, kisha kimya. Bodi ilikufa ndani ya sekunde mbili na pesa za paa zikafa nayo.

Ili mwelewe nilichokosea inabidi turudi nyuma, tena mbali kidogo.

Watu wengi walianza kujiundia kompyuta nyumbani Januari 1975, pale jarida la Marekani liitwalo Popular Electronics lilipoweka kwenye jalada lake kisanduku kiitwacho Altair 8800. Kilitengenezwa na kampuni ndogo iliyoitwa MITS, mjini Albuquerque, mmiliki wake akiwa Ed Roberts, ambaye alikuwa amezama kwenye madeni baada ya biashara yake ya vikokotoo kuangushwa na bei za washindani. Raha ni kwamba kisanduku kilichopigwa picha kilikuwa kitupu. Mashine halisi ilipotea njiani ikisafirishwa kwenda New York, basi wakaunda ganda tu lenye taa na swichi, wakalipiga picha. Ndani ya ile iliyouzwa kulikuwa na prosesa ya Intel 8080 na kumbukumbu ya baiti 256. Si kilobaiti, ni baiti. Hii aya unayoisoma isingeenea humo. Haikuwa na skrini wala kibodi. Uliingiza programu kwa kupandisha na kushusha swichi, ukasoma jibu kwenye taa.

Ukinunua kwa chini ya dola 400 uliletewa mfuko wa vipande na ukalehemu mwenyewe, usiku baada ya usiku, mamia ya viungo, na kiungo kimoja kibaya kilitosha kuiua mashine. Huko ndiko kujiunda kompyuta kulikokuwa na maana yake kamili. Tunachofanya sisi leo kwa bisibisi moja kwa saa mbili wazee wale wangekiita kupanga vyombo kabatini. Hata Apple ya kwanza ya mwaka 1976, aliyoibuni Steve Wozniak na kuuzwa dola 666.66, ilikuwa bodi tupu: kasha, kibodi na chanzo cha umeme utafute mwenyewe.

Lakini Altair iliacha jambo moja kubwa. Ndani yake kulikuwa na safu ya nafasi za kupachika kadi, kila nafasi ina pini 100, na MITS haikuweza kutengeneza kadi za kutosha wala zilizo nzuri. Kampuni nyingine zikaingia, zikatengeneza kadi za kumbukumbu zinazoingia kwenye nafasi zile zile. Roberts alikasirika, aliwaita vimelea. Hata hivyo jambo lilikuwa limeshatokea: mtu wa kwanza anaunda tundu, wa pili asiyemjua anatengeneza kitu cha kuingia humo.

Sasa njooni 1981, maana hapo ndipo penyewe.

IBM ilikuwa kampuni ya kompyuta kubwa za mabenki na serikali, mashine za kujaza chumba. Mwaka 1980 ikaona soko la kompyuta ndogo linaikimbia. Kwa desturi ya IBM kifaa kipya kilichukua miaka, kwa sababu kila kipande kilitengenezwa na wao wenyewe. Kikundi kidogo huko Boca Raton, Florida, ambacho Don Estridge alikuja kukiongoza, kilipewa karibu mwaka mmoja tu. Kwa mwaka mmoja hutengenezi kila kitu. Basi wakafanya kile ambacho mimi na mpwa wangu tunakifanya: wakaenda dukani. Prosesa wakachukua ya Intel, 8088, inayokwenda megahezi 4.77. Viendeshi vya flopi wakachukua vya Tandon. Printa ya Epson. Mfumo wa uendeshaji wakaagiza kwa Microsoft. Tarehe 12 Agosti 1981 wakaizindua, modeli 5150, ya chini kabisa ikiuzwa dola 1,565 na kumbukumbu ya kilobaiti 16, bila kiendeshi cha diski hata kimoja.

Kisha wakafanya la ajabu zaidi. Wakachapisha kitabu cha kiufundi chenye michoro yote ya saketi, na hata programu ya BIOS mstari kwa mstari, ili watu wa nje waweze kutengeneza kadi za kuingia kwenye zile nafasi tano za ndani. Walikuwa na hesabu yao. Vipande kila mtu anaweza kuvinunua, sawa, lakini BIOS ni yetu na inalindwa na hakimiliki. Anayeinakili tunamshitaki.

Mimi ni mtu wa programu, kwa hiyo hapa ninapenda kukaa. Watu wengi hufikiri historia ya kompyuta hii ni historia ya chuma na plastiki. Kumbe mlango mzima ulikuwa umefungwa na programu ya kilobaiti 8! BIOS ndiyo inayoamka kwanza unapobonyeza swichi, ndiyo inayowajulisha kibodi, diski na skrini kwa programu nyingine. Unaweza kununua prosesa ile ile, flopi ile ile, ukachora saketi ile ile, lakini bila BIOS inayojibu sawasawa na ya IBM, programu za IBM hazitakubali mashine yako.

Waliovunja kufuli lile kwa namna iliyojulikana zaidi ni Compaq, kampuni iliyoanzishwa Houston mwaka 1982 na watu watatu waliotoka Texas Instruments. Njia yao nimewahi kuwasimulia vijana wa kazini na wengine hawakuamini. Ukikisoma kile kitabu cha IBM umeshachafuka, kisheria. Chochote utakachoandika baadaye wanaweza kudai umenakili. Kwa hiyo kundi moja la wahandisi likasoma na kuandika maelezo tu: BIOS ikiulizwa hivi, lazima ijibu vile. Kundi la pili, la watu ambao hawakuwahi kuiona ile programu, likapewa maelezo na kuandika programu mpya kutoka mwanzo. Mistari tofauti, tabia ile ile. Kompyuta yao ya kubeba, kama cherehani ndani ya sanduku lake, ilitangazwa mwishoni mwa 1982, na mwaka uliofuata wakauza mashine 53,000. Hawakuwa wa kwanza kabisa, Columbia Data Products waliwatangulia kwa miezi. Lakini Compaq waliinakili kwa ajili yao wenyewe. Mwaka 1984 kampuni ya Phoenix ikafanya kazi ile ile ya makundi mawili, kisha ikamuuzia BIOS yeyote mwenye pesa.

Hapo ndipo milango ilipofunguka. Taiwan kulikuwa na viwanda vidogo vingi vilivyojua kutengeneza saketi. Ukinunua chipu za Intel na BIOS ya Phoenix unaweza kutoa bodi mama yako mwenyewe. Gigabyte na MSI zilianzishwa 1986, Asus 1989. Na ili bodi hizo ziingie kwenye makasha ya watu wengine, walinakili hata mahali IBM ilipotoboa matundu ya skrubu kwenye modeli yake ya AT ya mwaka 1984. Hakuna kamati iliyokaa kuyapanga matundu yale. IBM iliyaweka pale kwa sababu zake, basi dunia ikafuata.

Mwaka 1987 IBM walijaribu kurudisha kila kitu nyumbani. Wakatoa PS/2 yenye mfumo mpya wa kadi ambao ukitaka kuutumia unalipa. Mwaka 1988 kampuni tisa zikiongozwa na Compaq zikakataa na kutoa mfumo wao. Wote wawili walishindwa, kwa kweli, maana mwaka 1992 Intel walileta PCI na ndiyo iliyoshika. Katika PS/2 kilichobaki kwetu ni zile plagi za mviringo za kibodi na kipanya, za zambarau na kijani.

Sasa rudini nami kwenye bodi yangu iliyoungua.

Zile plagi mbili, P8 na P9, ni urithi wa moja kwa moja wa modeli ya 1981. Kila moja ina pini sita, umbo moja. Ukizipachika sawasawa, nyaya nyeusi za plagi zote mbili hukutana katikati. Ukizibadilisha, nyeusi zinakaa pembeni, na volti tano chanya zinaingia mahali pa sifuri. Kuna kapasita fulani ambazo zikipewa umeme kinyume zinawaka moto, kihalisia. Hiyo ndiyo harufu niliyoisikia. Nyeusi kwa nyeusi, maneno matatu tu, na kila fundi aliyajua. Intel walikuwa wameshalitambua tatizo hili, mwaka 1995 wakatoa umbo jipya la bodi na pawasaplai, ATX, lenye plagi moja ya pini 20 inayoingia upande mmoja tu. Yaani kosa langu lilikuwa limeondolewa duniani miaka mitano kabla sijalifanya. Ila sisi tulikuwa tunaishi kwenye mtumba, na mtumba hukuletea makosa ya zamani pamoja na bei yake.

Sikumwambia mama ukweli. Nilisema bodi ilikuwa mbovu tangu dukani. Lo! Nilidhani yataishia hapo, lakini nilimsahau mama yangu. Asubuhi alivaa kitenge chake cha kwenda kanisani, akaniambia nibebe kile kitu, tukapanda matatu mpaka mjini na ngazi hadi kwa fundi. "Fundi, umemuuzia mtoto wangu kitu kibovu," akasema hata kabla ya salamu kuisha. Fundi alikuwa mtu mzima, mtulivu. Aliichukua bodi, akaigeuza, akaileta puani. Akaninusia mimi kwa macho, namna hiyo. Kisha akasema: "Mama, keti kwanza. Vitu hivi vya mtumba vina mambo yake. Nitampa nyingine. Lakini na yeye atakuja kunisaidia hapa Jumamosi mpaka mwisho wa muhula."

Hivyo ndivyo nilivyoingia kwenye kazi hii. Tulipobaki peke yetu aliniambia maneno matatu tu, yale yale, na hakuwahi kulirudia jambo lile tena.

Kwa mzee yule nilijifunza kuchagua vipande, na mengi bado ninayafuata. Anza na bodi mama na prosesa pamoja, kwa sababu hizo ndizo zinazoamua ndoa nyingine zote. Siku zile soketi iliyoitwa Socket 7 ilipokea prosesa za Intel, AMD na Cyrix bila ubaguzi. Baada ya Intel kuhamia Slot 1 mwaka 1997, njia zikaachana na hazijakutana tena. Pawasaplai ipime kwa mkono kabla ya kusoma maandishi: ikiwa nyepesi kama mkate, iache, hata ikiandikwa wati 400. Usinunue prosesa kwa kusoma namba iliyochapwa juu, maana kulikuwa na watu waliokwangua namba na kuandika kubwa zaidi. Gusa chuma cha kasha kabla ya kugusa chipu, ili umeme uliokutanda mwilini uishie hapo. Na ukiwasha mara ya kwanza, washa na vitu vichache: bodi, prosesa, RAM, skrini. Vingine ongeza kimoja kimoja, ili kikizuka kilio ujue ni cha nani.

Alikuwa pia mwanahistoria bila kujua. Mteja akilalamika bei ya RAM, alikuwa anasema, "Ni tetemeko la Taiwan." Nilidhani ni utani. Kumbe Septemba 21, 1999 Taiwan ilitetemeka kweli, umeme ukakatika kwenye viwanda vya chipu na bei zikapaa dunia nzima. (Ukweli ni kwamba yeye aliendelea kutumia sababu ile muda mrefu baada ya bei kushuka huko kwingine.) Alikumbuka pia 1993, pale mlipuko ulipotokea kwenye kiwanda cha Sumitomo huko Niihama, Japani. Kiwanda hicho hakikutengeneza RAM hata moja. Kilitengeneza gundi ngumu ya kufungia chipu, zaidi ya nusu ya mahitaji ya dunia, basi. Mimi nikaja kushuhudia la kwangu mwaka 2011, mafuriko ya Thailand yalipofunika viwanda vya diski na bei ya diski ikaruka. Ukijiundia kompyuta unaijua dunia kuliko anayenunua iliyofungwa tayari, kwa sababu kila balaa linakufikia likiwa na bei yake pekee.

Na balaa jingine lilitufuata mpaka mezani. Kuanzia miaka ya karibu na 2000 hadi katikati ya muongo ule, bodi nyingi za kampuni tofauti zilitoka na kapasita zenye maji mabaya ndani. Baada ya mwaka mmoja au miwili zinavimba kichwani kama maandazi, kisha kompyuta inaanza kuzima ovyo. Wateja walilaumu virusi, walilaumu Windows, walilaumu sisi. Mzee alinionyesha jinsi ya kuzing'oa na kulehemu nyingine za shilingi ishirini ishirini. Bodi ya elfu kumi ikafufuka kwa shilingi mia moja na sitini. Nililipa deni la paa kwa kapasita hizo, nusu yake. Nusu nyingine mama alikataa kuipokea.

Sasa, karatasi ya mpwa wangu. Niliikagua kwa macho ya mzee. Prosesa na bodi alikuwa amechagua za AMD za soketi AM4, na nikamsifu. Soketi ile ilianza kutumiwa na prosesa za Ryzen mwaka 2017, na zilizotoka 2022 bado ziliingia kwenye bodi nyingi za mwanzo, ukisasisha BIOS tu. Kwa mtu wa bajeti ndogo hiyo ni baraka: unanunua bodi leo, unabadilisha prosesa miaka mingine. Kadi ya picha nikamshusha daraja moja, akanuna. Pawasaplai nikampandisha daraja mbili, akanuna zaidi, mpaka nilipomwonyesha picha za plagi zilizoyeyuka kwenye kadi za RTX 4090 kuanzia Oktoba 2022. NVIDIA walieleza kwamba watu hawakuzisukuma mpaka mwisho. Huenda. Lakini nilipoziona picha zile nilisikia harufu ya mwaka 2000. Plagi inayoweza kupachikwa nusu ni ndugu ya plagi inayoweza kupachikwa kinyume.

Nikamweleza pia kwa nini nafurahi hakuchagua laptopu, ingawa nyepesi na ina betri, na stima yetu tunaijua. Laptopu nyingi siku hizi RAM imelehemewa kwenye bodi. Apple walipotoa M1 mwaka 2020 waliiweka ndani ya kifurushi kimoja na prosesa. Kuna sababu nzuri za kihandisi, njia fupi ina kasi na inakula umeme kidogo, siwezi kuwalaumu. Ila ni mlango unaofungwa. IBM walijaribu kuufunga 1987 kwa mikataba wakashindwa, sasa unafungwa kwa risasi ya kulehemu.

Hapo ndipo tulipofika kwenye RAM yake. Alitaka vijiti viwili vya GB 16, kwa bei aliyoiona mwezi Agosti 2025. Nikamwambia asahau bei ile. Kufikia mwisho wa mwaka 2025 viwanda vilikuwa vinaelekeza kumbukumbu kwenye kompyuta kubwa za akili bandia, na bei ya RAM za kawaida ikapanda wiki kwa wiki. Desemba 2025 Micron walitangaza kwamba wanaachana na Crucial, jina ambalo wamelitumia tangu 1996 kuuzia watu wa kawaida kama sisi. Safari hii hakuna tetemeko wala moto wala mafuriko. Ni sisi tu tumekuwa wateja wadogo.

Tulinunua kijiti kimoja.

Tukafungia kazi nyumbani kwa mama, yule yule, jikoni yule yule, paa jipya. Mpwa wangu alifanya kila kitu mwenyewe, mimi nikishika tochi ya simu. Alipofika kwenye plagi kubwa ya pawasaplai, sasa ya pini 24, alisita, akaigeuza geuza, ikaingia. Mama alikuwa anapepeta mchele na hakuinua kichwa. "Hii nayo itatoa moshi?" akauliza.

Mimi sijawahi kumwambia mama habari za moshi.

Haikutoa. BIOS imeiona prosesa, imeiona diski, imeiona GB 16. Linux imeingia usiku ule ule. Tundu la pili la RAM liko wazi, tumelizibia kwa kipande cha selotepu ili vumbi lisiingie. Bei ikishuka nitawaandikia.